Nani Aliyemuua Matahi?

Neno "tabu" kwetu sisi halina siri. Mtu akikwambia "nimeona tabu" humuulizi maana yake, unamuuliza ilikuwaje. Tulilipata kutoka kwa Waarabu na tumelizoea kama jirani mkorofi. Lakini ipo "tabu" nyingine duniani, iliyotoka upande wa pili kabisa wa bahari, kwenye visiwa vya Pasifiki. Nahodha James Cook alilisikia neno hilo kule Tonga mwaka 1777, akarudi nalo Uingereza, na kutoka hapo likaenea lugha nyingi. Huko kwao maana yake ni kitu kilichotengwa, kitu kitakatifu na cha hatari kwa wakati mmoja. Kwa Kiswahili tungesema mwiko. Maneno haya mawili hayana undugu hata chembe. Yamekutana tu kwenye herufi nne, kama abiria wawili wenye jina moja ndani ya basi moja.

Ndiyo maana Mswahili anayekutana na sinema iitwayo Tabu, iliyotengenezwa na Mjerumani F. W. Murnau na kutoka mwaka 1931, ana haki ya kulisoma jina hilo kwa maana zote mbili. Binafsi naona zote mbili zimo, na tena sijui ni ipi iliyomuua kijana wa watu.

Ni sinema bubu. Siyo kwamba teknolojia ilikuwa bado. Sauti iliingia kwenye sinema za Hollywood tangu mwaka 1927, na ilipofika 1931 kila mtu alikuwa anataka kusikia waigizaji wakiongea. Murnau akakataa. Kuna muziki uliorekodiwa, kuna ngoma na nyimbo, lakini hakuna mtu anayefungua mdomo ukasikia neno. Hata yale maandishi yanayoeleza fulani kasema nini hayamo. Tuliitazama kwenye kompyuta ya jamaa mmoja, sisi wa kikundi chetu cha waandishi chipukizi, na kwa nusu saa ya mwanzo hakuna aliyebishana na mwenzake. Kwa wanaotujua, hiyo peke yake ni ajabu ya kuandikwa gazetini.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Kisiwani Bora Bora, katika visiwa vya Tahiti, kijana Matahi na msichana Reri wanapendana. Wanaogelea kwenye maporomoko, wanavishana mashada ya maua, wanacheka. Siku moja inaingia merikebu kubwa, na watu wanaipokea kwa ngalawa zao, kijiji kizima kinamwagika baharini. (Nimesema ngalawa kwa makusudi. Vyombo vyao vina mirengu ubavuni kama vyetu, na wataalamu wengi wanaona ufundi huo ulifika pwani yetu kutoka kwa mabaharia wa ukoo huohuo wa watu wa visiwani.) Ndani ya merikebu yumo mzee Hitu, mjumbe wa mkuu wa Fanuma, na amebeba barua. Mwali mtakatifu wa miungu amefariki. Aliyechaguliwa kushika nafasi yake ni Reri. Tangu saa hiyo yeye ni tabu: hakuna mwanamume wa kumgusa wala kumtazama kwa tamaa, na atakayevunja ni kifo.

Usiku Matahi anamtorosha. Wanafika kisiwa kingine, chenye serikali ya Kifaransa, maduka ya Wachina, baa, na wazamiaji wa lulu. Matahi anakuwa mzamiaji hodari kuliko wote. Anapata lulu, watu wanasherehekea, kila mtu anakunywa kwa jina lake, na yeye anatia sahihi karatasi asizozielewa. Hitu naye anawafuata, amenyamaza kama kivuli. Wapendanao wanataka kukimbilia Papeete kwa merikebu. Matahi anakwenda kukata tiketi, wenye maduka wanamzuia na madeni yake mkononi. Fedha yote inaishia hapo. Kumbe Reri ameshaambiwa na Hitu kuwa zimebaki siku tatu, arudi au Matahi auawe. Hamwambii mpenzi wake. Matahi naye, bila kumwambia Reri, anakwenda usiku kuzamia sehemu iliyopigwa marufuku kwa sababu ya papa mla watu, ili apate lulu ya kulipia deni na nauli. Anaipata. Anarudi mbio, anakuta barua ya kwaheri.

Mwisho wake nitauacha kidogo.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia, na mpaka leo haujaisha. Swali ni hilo nililoliweka juu ya makala. Jamaa mwenye kompyuta alisema hakuna cha kujadili, muuaji ni Hitu, tumemwona kwa macho yetu. Kesi imekwisha, twendeni tukale chipsi.

Lakini hebu mtazame Hitu vizuri, ndugu msomaji. Mzee huyu hapati faida yoyote. Hamtaki Reri awe mke wake, hatafuti mali, hana kisasi na Matahi. Ametumwa. Amebeba neno la mkuu wake kutoka kisiwa hadi kisiwa, na analala njaa baharini kwa ajili ya neno hilo. Angekuwa katibu kata au karani tungempa cheti cha mfanyakazi bora. Sasa mweke karibu na yule polisi wa serikali ya Kifaransa. Polisi anapata amri ya kuwakamata vijana hawa, na zawadi imetangazwa. Matahi anamchomolea lulu. Polisi anaitazama lulu, anaitazama amri, anaiweka lulu mfukoni. Vijana wanapona kwa siku kadhaa.

Yaani katika sinema hii mla rushwa ndiye anayeokoa maisha, na mtu mwaminifu ndiye anayeua. Jambo hili lilinisumbua kuliko papa. Tumefundishwa shuleni, sisi tulioishia kidato cha nne na wale walioendelea, kwamba uaminifu ni uaminifu na rushwa ni adui wa haki. Sasa mbona hapa vimegeuka? Nimelizungusha kichwani na naona hivi: rushwa ya polisi haikuwa wema. Asingewaacha kwa kuwaonea huruma. Kama wangekosa lulu wangefungwa, na ile lulu aliyoichukua ndiyo ingewalipia nauli. Aliwauzia siku chache kwa bei ya maisha yao. Lakini uaminifu wa Hitu nao una kasoro yake, tena kubwa zaidi kwa sababu inafanana sana na sifa njema. Ni uaminifu usiouliza. Wazee wetu walisema mjumbe hauawi, na walikuwa na maana: asiadhibiwe kwa maneno yasiyo yake. Hitu anaigeuza methali. Kwa kuwa maneno si yake, anaona na damu haimhusu. Mjumbe hauawi, sawa. Je, mjumbe anaruhusiwa kuua?

Mimi nasema hapana. Barua ikishafika mkononi mwako na ukaielewa, imekuwa yako pia. Huwezi kuibeba mkuki begani halafu ukasema mimi ni posta tu.

Hata hivyo siwezi kumtundikia Hitu mzigo wote, na dada mmoja wa kikundi chetu alinisaidia kuliona hili. Yeye hakujali sana mkuki. Alisema: "Mbona walikuwa wameshamkimbia Hitu? Kilichowazuia bandarini ni nini?" Si ndiyo hapo! Ni deni. Kama si zile karatasi, wangepanda merikebu, na Hitu na ngalawa yake wangebaki kuangalia moshi.

Ile sherehe ya lulu ni sehemu niliyoirudia mara tatu. Matahi anacheka. Chupa zinafunguliwa, watu hata asiowajua wanakunywa, wanacheza ngoma ya kwao ikichanganyika na dansi ya kizungu, na kila mara mhudumu anamletea karatasi aandike. Anaandika kwa furaha, kama mtoto anayechora. Kwao kisiwani hakuna kitu kama hicho. Samaki wakipatikana wanaliwa na wote. Anafanya alichofundishwa na mama yake: ukipata, gawa. Na tabia hiyohiyo, ambayo Bora Bora ilimfanya apendwe, hapa inakuwa kitanzi. Kukopa harusi, kulipa matanga, sisi tunaisema methali hii kwa kicheko kumsuta mtu mvivu wa kulipa. Matahi hakuwa mvivu. Hakujua kuwa anakopa.

Sasa hapa kuna swali la haki ambalo mwenye duka angelijibu haraka sana: "Sahihi si yake? Nilimshika mkono?" Kweli, hakumshika. Pombe ilinywewa, chupa zilikuwa za mtu, mtu anadai chake. Kisheria mwenye duka hana kosa. Lakini ninapoyaweka mambo haya mawili kwenye mizani, mwiko wa mkuu wa Fanuma na daftari la mwenye duka, naona tofauti ndogo kuliko nilivyotarajia. Huku msichana amefungwa na neno ambalo hakuulizwa. Huku kijana amefungwa na neno aliloulizwa kwa lugha asiyoielewa. Ridhaa ya namna hiyo ni jina tu la ridhaa. Wa kwanza wanamwita mshenzi, wa pili wanamwita mfanyabiashara.

Na tazama ujanja wa Murnau, nasema hili kwa wenzangu tunaojifunza kuandika. Kwa kuwa watu wake hawasemi, mambo yote makubwa yanakuja kwa maandishi tunayoonyeshwa: barua ya mkuu, kitabu cha polisi, amri ya serikali, bili za dukani, barua ya Reri. Kila karatasi inayoonekana kwenye sinema hii inamfunga mtu. Hakuna hata moja inayomfungua. Mwandishi anayetaka kila mhusika atoe hotuba kurasa tatu akaitazame kwanza halafu tuzungumze. Mpiga picha wake, Floyd Crosby, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na ukiona nuru inavyocheza kwenye migongo ya wapiga kasia hutauliza kwa nini.

Sinema imegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa Pepo, ya pili Pepo Iliyopotea. Mgawanyo huu siukubali, na ndipo ninapotofautiana na bwana Murnau pamoja na heshima zangu zote. Anataka tuamini kuwa Bora Bora ilikuwa pepo, na kisiwa cha maduka ndicho kilichoharibu. Lakini barua ya Hitu ilisomwa wapi? Si hukohuko peponi! Machozi ya kwanza ya Reri yalimwagika chini ya minazi, kabla hajaona noti wala chupa ya shampeni. Mzungu aliyechoshwa na kiwanda akienda kisiwani huona mashada ya maua, halafu huona huruma yanaponyauka. Msichana aliyevishwa shada lile anajua uzito wake. Sisi wenyewe tuna ugonjwa huu. Tukikosa maji wiki nzima mjini tunaanza kuusifia ujana wa bibi zetu kijijini, na wala hatuwaulizi mabibi wenyewe.

Tena kuna jambo la historia. Murnau alipofika huko mwaka 1929 pamoja na Robert Flaherty, yule Mmarekani aliyetengeneza Nanook of the North mwaka 1922, Tahiti ilikuwa na makanisa kwa zaidi ya karne. Mfalme wao Pomare wa Pili alibatizwa mwanzoni mwa karne ya 19. Bora Bora yenyewe ilitwaliwa na Ufaransa mwaka 1888, mwaka aliozaliwa Murnau. Vijana wale walioigiza walikuwa watu wa kanisani Jumapili. Mwiko wa mwali mtakatifu ulikuwa hadithi iliyotungwa na wageni wawili juu ya neno la kweli la wenyeji. Wageni wenyewe hawakuelewana: Flaherty alitaka maisha yalivyo, Murnau alitaka mkasa. Flaherty akauza sehemu yake akajitoa.

Simlaumu mtu kwa kutunga. Sote hapa tunatunga. Lakini mtunzi aliyetaka kujua tabu inavyofanya kazi kweli angeweza kwenda Hawaii, akaulizia mwaka 1819. Kule neno ni kapu, na lilishika kila kitu. Mwanamke hakuruhusiwa kula pamoja na mwanamume. Nguruwe, nazi na aina nyingi za ndizi kwake ilikuwa marufuku, na adhabu iliweza kuwa kifo. (Msicheke. Kuna nyumba ngapi kwetu ambako firigisi ya kuku ina mwenyewe, na mama anaipika bila kuionja?) Basi mwezi Mei mwaka 1819 mfalme mkuu Kamehameha akafariki. Mjane wake Kaahumanu, mwanamke mwenye nguvu kuliko mawaziri, akamshinikiza mfalme mpya, kijana Liholiho, aivunje kapu. Na alikuwapo mjane mwingine, Keopuolani, mama mzazi wa Liholiho. Huyu ndiye Reri wa kweli, kama tukimtafuta. Utakatifu wa ukoo wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu walianguka kifudifudi mbele yake. Yeye mwenyewe alikuwa kapu inayotembea. Akakaa hadharani akala na mwanawe mdogo. Mwezi Novemba Liholiho akafanya karamu, akainuka kwenye meza ya wanaume, akaenda kuketi kwa wanawake, akala. Basi. Mfumo wa karne na karne ukaangushwa kwa sahani ya chakula, kabla mmisionari hata mmoja hajakanyaga pale. Wao walifika mwaka uliofuata, 1820.

Nisidanganye kuwa mambo yalikuwa laini. Kekuaokalani, binamu wa Liholiho, alikataa na akashika silaha kuitetea dini ya mababu. Mwezi Desemba aliuawa vitani Kuamoo, na mkewe Manono akafa akipigana ubavuni kwake. Kwa hiyo wako waliokufa kwa ajili ya kuishika tabu kwa hiari yao, mwanamke akiwa miongoni mwao, na siwezi kusema walikuwa wajinga. Mtu anayeitetea heshima ya mababu akiwa ndiye anayelipa gharama ana haki ya kusikilizwa. Mkuu wa Fanuma halipi kitu. Anaandika barua, na gharama inalipwa na msichana wa kisiwa kingine.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu, kama kinafaa. Sisemi mwiko wote ni mbaya. Neno letu lenyewe ni la jikoni na la ujenzi: mwiko husonga ugali, mwiko wa fundi hushikanisha matofali. Jamii isiyo na miko ni uji. Ninachouliza kwa kila mwiko ni iwapo yule anayebebeshwa anaruhusiwa kuuliza, na iwapo swali lake linaweza kubadili chochote. Keopuolani aliuliza kwa kula. Reri alilia, na kilio chake kikahesabiwa kuwa sehemu ya sherehe. Kuitwa mtakatifu hakukumwongezea sauti, kulimpunguzia. Wanasema ni heshima kubwa, wasichana wote wangeitamani. Heshima ambayo huwezi kuikataa, sijui kama neno lake ni heshima.

Nilipofika hapo jamaa wa chipsi akanitega: "Na nyinyi mliokodoa macho je?" Alikuwa ananitania, lakini utani ulichoma. Fikiria. Sheria ya hadithi inasema asitazamwe kwa tamaa. Halafu sinema nzima imetengenezwa ili atazamwe. Msichana aliyeigiza kama Reri alikuwa mzaliwa wa Bora Bora, aliitwa Anne Chevalier, hakuwa mwigizaji kabla ya hapo. Murnau alifariki kwa ajali ya gari huko California tarehe 11 Machi 1931, akiwa na miaka 42, wiki moja kabla sinema haijaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York. Kukazuka maneno kuwa ameadhibiwa kwa kuvunja tabu za visiwani. Mimi naona ni maneno ya kuuzia tiketi. Anne yeye alichukuliwa New York kucheza jukwaani kwenye maonyesho ya Ziegfeld mwaka huohuo, kwa jina la Reri, kisha akapelekwa Ulaya. Mwaka 1934 aliigiza Poland katika sinema ambayo jina lake maana yake ni lulu nyeusi. Jionee mwenyewe: kwenye hadithi lulu ndiyo bei, na miaka mitatu baadaye lulu ni yeye. Baadaye alirudi kwao, na akafariki Tahiti mwaka 1977.

Sisemi alionewa. Huenda aliifurahia safari yake. Msichana mdogo kuiona dunia si jambo dogo, na nani kati yetu angekataa tiketi ya New York? Ninachosema ni kwamba mkuu wa Fanuma alimtenga mbali na macho yote, na soko likamweka mbele ya macho yote, na kote kuwili wenye kuamua jina lake ni wengine. Nami nilikuwa mmoja wa macho hayo. Sikuzima kompyuta, na sijuti, maana nisingezima ningekuwa sina la kuandika. Lakini tangu hapo kila ninapomwelezea msichana kwenye riwaya yangu, maungo na mwendo wake na kanga yake, najiuliza ninamtazama kwa ruhusa ya nani.

Imebaki barua ya Reri, na juu ya hiyo kikundi kizima kiligawanyika. Usiku Hitu anakuja na mkuki. Matahi amelala. Reri anajiweka mbele ya mkuki na kukubali kurudi. Kisha, Matahi akiwa ametoka kwenda kuzamia, anaandika kwaheri na kuondoka. Wengi walisema huo ndio upendo, kumpa mwenzako uhai wako. Dada yule wa deni akapinga kwa ukali. Alisema Reri amemfanyia Matahi vilevile alivyofanyiwa na mkuu: ameamua maisha ya mtu bila kumuuliza. Kama angemwambia siku ya kwanza kwamba zimebaki siku tatu, labda Matahi asingepoteza muda, wangechukua ngalawa ileile iliyowaleta na kuondoka, bila tiketi, bila duka. Na Matahi naye alificha la papa. Wawili waliovuka bahari pamoja walikuja kupotezana ndani ya kibanda kimoja, kila mmoja amemficha mwenzake jambo kwa sababu anampenda.

Nilikuwa upande wa dada huyo kwa muda mrefu. Siku hizi siko pale kabisa. Mwenye mkuki usoni hapewi nafasi ya kuitisha mkutano. Katika hadithi nzima, ile ndiyo mara pekee Reri anapoamua jambo mwenyewe na likawa. Uamuzi wake ulikuwa na kasoro, ulikuwa wa kukata tamaa, lakini ulikuwa wake, na mimi siwezi kumnyang'anya hata huo kwa kuupima kwa rula ya Jumamosi mchana.

Ila uamuzi wenyewe haukufika ulikokusudiwa. Matahi anasoma barua, anaingia majini na lulu yake, anaogelea kuifuata ngalawa ya Hitu iliyokwisha kutweka tanga. Anaogelea vizuri mno, tumeshaona hivyo tangu mwanzo, na mwezi unamulika. Anafikia kamba inayoburuzwa nyuma ya chombo, anaishika. Hitu anamwona. Hasemi kitu, hana hasira, anachukua kisu na kuikata kamba kama mtu anayekata uzi wa nguo. Matahi anaendelea kuogelea mpaka anaishiwa nguvu, na maji yanamfunika. Reri haoni lolote katika hayo. Hitu alikuwa amemlaza chini ndani ya chombo na kumfunikia mlango wa mbao. Hapo alipo anaamini kuwa Matahi ni mzima, na kwamba ameyanunua maisha yake kwa maisha yake mwenyewe.

Dada yule aliuliza kama ni bora Reri asijue maisha yake yote, au aambiwe. Hitu peke yake ndiye anayejua, na wote tulikuwa tumeshaona kuwa yeye hana mazungumzo. Tulikaa hapo mpaka umeme ukakatika.